Mwanamke wa Kwenye Picha Yako

Robi, mwanangu,

Sitaanza kwa kukuambia kwamba mimi ni mzima na hofu ni juu yako wewe uliye mbali. Huko mbali hujafika bado. Umekwenda Nyarero kuwaaga shangazi zako, utarudi jioni, na mimi nimekaa mlangoni na daftari lako la zamani, zile kurasa za nyuma ulizoacha tupu kama mtoto wa tajiri. Naandika mchana kwa sababu macho yangu na koroboi hayapatani, na mafuta ya taa yenyewe duka la kijiji halijayaona tangu mvua za kupandia. Mwandiko usiucheke. Niliupata kisomoni nikiwa na mvi tayari, benchi moja na watu niliowazalisha mwenyewe. Cheti ninacho. Wewe una chako cha kidato cha nne, mimi nina changu.

Mambo ya kufua, ya kula, ya kuchagua marafiki huko chuoni Mwanza sitaandika. Kama miaka yote hii hukuyasikia kwa mdomo, karatasi itakusaidia nini?

Naandika kwa sababu ya picha. Ile uliyoitia katikati ya Biblia, ukaifunga na leso, ukaiweka juu kabisa kwenye sanduku lako la bati. Juzi nilikuwa jikoni napepeta ulezi, nikakusikia ukimwambia rafiki yako Bhoke: "Likizo ya kwanza sirudi moja kwa moja. Nitapita Mugumu. Nitaonyesha picha ya mama sokoni, kanisani, hospitalini, mpaka atokee mtu mmoja aseme, huyu namjua." Bhoke akakujibu, "Wala hutahitaji picha. Si mnafanana kama ndizi za mkungu mmoja?" Ungo ulinitoka mikononi. Mlikuja mbio, nikawaambia ni kizunguzungu. Hakikuwa kizunguzungu.

Mwanamke wa kwenye picha ile si mama yako.

Nimeliandika. Usichane karatasi, yako mengine huko mbele, na mimi sina nguvu ya kuandika mara mbili.

Babu yako Nyamhanga hukumkuta. Alikwenda vita vya pili vya Wazungu. Wenzake walirudi na makoti marefu na baiskeli, yeye akarudi na sanduku jeusi lenye jicho moja. Mama yake alilia kwa hasira: "Amekaa huko miaka minne, ameniletea kasha lisiloweza hata kuwekwa unga!" Baadaye watu walilipanga foleni kasha hilo. Lakini moja halikumtosha. Kila mgeni aliyefunga mizigo kuondoka nchi hii, bwana wa mgodi, padri, mwenye duka la vitambaa pale Tarime, babu yako alikwenda kusimama mlangoni kwake na kofia mkononi, kuuliza kama hana kamera ya zamani asiyoihitaji. Wakampa zilizokufa. Alizileta nyumbani akaziuguza kama ndama. Alipofariki aliniachia saba, nne zikifanya kazi. Unazijua: ya mbao yenye miguu mitatu, isiyotumia filamu bali vioo, ya kukunja, ambayo mfuko wake ulitoboka nikauziba kwa kiraka cha baiskeli, ile ndogo ya Mjerumani, na sanduku lenyewe.

Watu hunicheka mpaka leo. Katibu wa kijiji aliniambia mbele ya mkutano, "Bibi Wankuru, takataka hizo ni za ukoloni, tunajenga nchi mpya." Nikamjibu, "Basi rudisha ile picha yako ya harusi, nayo ilitoka kwenye takataka." Wakamcheka yeye. Mwalimu mkuu alinunua kamera mpya Nairobi, ikaingia unyevu msimu mmoja, ikafa, na hakuna fundi wa kuifungua kuanzia hapa mpaka Musoma. Sanduku la babu yako lina springi moja tu. Ilipokatika nilitengeneza nyingine kwa pini ya nepi. Kitu cha zamani kina faida hiyo: ubaya wake wote unaujua.

Na ubaya wa sanduku ni mmoja. Halina akili. Ukishapiga picha, lazima uzungushe kitufe kwa mkono mpaka namba nyingine ionekane kwenye kidirisha chekundu cha mgongoni. Usipozungusha, unapiga picha ya pili juu ya ile ya kwanza, na lenyewe halikuonyi. Babu yako alinifundisha kuzungusha wakati ule tu ninapotaka kupiga, kamwe si baada. Alisema filamu iliyovutwa ikakaa hulegea, na vumbi la huku kwetu linaganda juu yake. Nikashika hivyo. Mikono yangu haijui namna nyingine.

Sasa mama yako.

Mimi nilizaa wasichana watatu, wote wakaolewa. Babu yako akafa. Nyumba ikabaki bila mtoto wa kiume, na nyumba ya namna hiyo kwetu ina jina, nyumba ntobhu, nyumba iliyopungukiwa. Nikafanya walivyofanya wanawake wa Kikurya walionitangulia. Ng'ombe waliokuja kwa binti zangu niliwatoa, nikamwoa msichana awe mke wa nyumba yangu, azae kwa jina la nyumba. Hayo unayajua, uliwahi kurudi kutoka shule na jino limelegea kwa sababu mtu alikuita mtoto wa wanawake wawili. Na mwanaume aliyekuzaa unamjua. Mnasalimiana barabarani, desturi haimpi zaidi ya salamu.

Msichana huyo alikuwa Nyangi, kutoka upande wa Mugumu. Nilimleta azae na alime. Kamera sikumkusudia hata siku moja. Lakini alikuwa na macho ya kuiba. Alinitazama nikifanya kazi, hakuuliza kitu. Mwaka wake wa kwanza nilishikwa na malaria katikati ya msimu wa tohara, vijana wakaja wamepakwa unga, na mikuki yao, wanataka picha, na mimi natetemeka kitandani. Nyangi akatoka na sanduku. Filamu ya picha nane, akaimaliza yote. Nilipopona nikazisafisha.

Zilikuwa nzuri kuliko zangu. Aliwasimamisha jua likiwapiga ubavuni, si usoni kama nilivyozoea mimi, kwa hiyo hakuna aliyekunja macho. Alikaa pembeni anangoja niseme neno. Nikamwambia, "Vichwa umevikata."

Hakuna kichwa kilichokatwa, Robi. Hata kimoja.

Toka hapo nikamwachia apige mara moja moja, maana faida niliiona. Lakini yeye alikuwa na desturi yake: akishapiga tu, anazungusha papo hapo. Aliniambia kwa heshima, "Mama, ukizungusha mara moja husahau." Nikamwambia, "Kamera hii ilikuwa ya mume wangu wewe hujatoka tumboni." Yeye akaendelea na yake, na mimi na yangu. Sanduku moja, wanawake wawili, na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye atakayefuata. Hatari niliiona. Ingetosha kukaa chini dakika moja na kusema, kuanzia leo tufanye hivi. Dakika hiyo sikuitoa, kwa sababu ingekuwa kama kukubali kwamba mtoto wa juzi ana akili.

Ikaja siku yenyewe. Wewe, mtoto wa kike tuliyepewa, ulikuwa na mwaka na nusu. Asubuhi nikaitwa nyumba ya jirani, mzee wao amefariki, wanawe wanataka picha yake ya mwisho. Wakamtoa nje juu ya ngozi, wakamlaza kwenye jua, kwa kuwa sanduku haliwezi giza. Nikapiga. Nikarudi, nikaliweka rafuni kama lilivyo. Sikuzungusha. Ningezungusha wakati wa kupiga tena, ndivyo nilivyofundishwa. Kisha nikaenda shambani kuchimba muhogo.

Mchana msafara wa harusi ukapita. Bibi harusi akataka picha, ndugu zake wakaita. Nyangi akatoka na wewe mgongoni, akachukua sanduku, akaangalia kidirisha, akaona namba imekaa sawasawa, akajua limeshazungushwa. Kwa nini asijue hivyo? Kwake kamera iliyowekwa rafuni ni kamera iliyozungushwa. Akamsimamisha binti wa watu ukutani, akapiga.

Dawa za kusafishia picha zilichelewa kufika kutoka Musoma. Wiki mbili zikapita. Nilipotia ile karatasi kwenye dawa, mle kibandani na taa nyekundu, nikaona shela inatokea kwanza. Halafu uso. Halafu nikaona kitu kinatokea katikati ya tumbo lake, kirefu, kimelala. Ni yule mzee. Kichwa upande huu, miguu ile iliyofungwa pamoja upande wa pili, na mkono wa bibi harusi umekaa juu ya miguu hiyo kama anayemwosha.

Nilijua hapo hapo. Vidole vikiwa bado ndani ya dawa, nilijua ni mimi.

Ningeichoma. Nilitaka kwanza kuikausha niione vizuri, upumbavu tu, nikaitundika kwenye kamba chini ya paa pamoja na nyingine. Saa hiyo hiyo kaka wa bibi harusi akafika kuulizia picha. Hakupiga hodi. Aliiona kabla sijageuka.

Na ubaya haupendi kutembea peke yake. Bibi harusi alikuwa ameshikwa na homa, hiyo ni siku yake ya nne. Kesho yake walikuja watu sita, baba yake mbele, shangazi mtu nyuma na fimbo.

"Nani alimpiga picha mtoto wetu na maiti?"

Uani kulikuwa kumejaa majirani. Nyangi alisimama karibu na ghala, wewe mgongoni. Nikasema, "Huyu."

Shangazi mtu akamgeukia. "Wewe! Maiti umeipata wapi? Unaitunza?"

Nyangi hakumwangalia yule shangazi. Aliniangalia mimi. Akasema, "Mama, waambie habari ya kuzungusha."

Yangetosha maneno matatu, manne. Kila mtu alikuwa kimya, wangenisikia hata kwa kunong'ona. Na mimi nikasema, "Sijui alichofanya. Mimi nilikuwa shambani."

Nilikuwa shambani kweli. Umeona jinsi ilivyo rahisi? Hata uongo sikuhitaji. Nilichagua kipande cha ukweli kinachonifaa, nikamtupia mwenzangu kilichobaki. Niliogopa kwamba wakijua ni mimi hakuna atakayeleta tena uso wake mbele ya kamera zangu, na bila kamera nilikuwa nani? Mjane asiye na mtoto wa kiume. Nilimpima msichana wa watu na sanduku la bati na karatasi, nikaona sanduku ni zito zaidi.

Walimwita mchawi. Kondoo wa kutakasia akachinjwa, Nyangi akapakwa taka za tumbo la mnyama huyo mbele ya watoto. Bibi harusi alipona, ilikuwa malaria kama za kwetu sote, ana watoto sita sasa na ni mnene. Lakini jina lilibaki. Mtoni wanawake wakimwona Nyangi anakuja walitoa ndoo zao majini wakangoja ateke aondoke. Nyumbani hakunisemesha zaidi ya salamu. Alinipa shikamoo kila asubuhi, Robi. Afadhali angenitukana.

Alivumilia miezi mitatu. Siku ya kuondoka alikuja na kitenge chake kimoja akasema, "Mama, nakwenda kwetu. Naomba mtoto."

Nikamwambia, "Mtoto ni wa nyumba hii. Wewe nenda, miguu ni yako."

"Bado ananyonya."

"Mbuzi wapo."

Alikuweka juu ya ngozi. Ulikuwa unatafuna gunzi la hindi, hukuinua hata uso. Kisha akaingia ndani. Nikadhani anachukua kitu, nikamfuata kama polisi. Alikuwa amesimama kwenye rafu, anazungusha kile kitufe taratibu, jicho kwenye kidirisha chekundu. Akaliweka sanduku chini, akaniambia, "Nimezungusha. Ukitaka kupiga, piga tu." Akapita pembeni yangu, akaenda.

Hasira niliyokuwa nayo sijaiona tena. Nilitoka na sanduku mpaka katikati ya uwanja, jua la saa saba, nikafungua mgongo wake. Nikaivuta ile filamu yote nje kama matumbo ya kuku. Ndani yake kulikuwa na picha niliyoipiga mimi mwenyewe wiki iliyotangulia, siku uliyokimbia bila kuanguka kwa mara ya kwanza, mama yako amechuchumaa nyuma yako na mikono wazi. Picha yake ya pekee. Wapiga picha ndivyo tulivyo, tuna nyuso za wilaya nzima na za kwetu hatuna. Nilijua imo. Ndiyo maana nilifungua.

Ukakua kwa maziwa ya mbuzi. Ukiwa na miaka minane ikaja Operesheni, tukaambiwa tuhamie kijijini, nyumba za zamani zikabomolewa. Lori lilikuwa moja kwa kaya nyingi, kila mtu apakie anachoweza kwa safari moja. Mimi nilipakia kamera saba, miguu ya mbao na kreti ya vioo vya babu yako. Mtungi wa ulezi nikauacha, nikasema nitaufuata kesho. Kesho ulikuwa umeshakwenda. Siku mbili ulilia njaa kwenye kibanda kisicho na paa huku kamera zimefunikwa vizuri na turubai. Mama yake Bhoke ndiye aliyekupa uji. Alinitazama akaniambia, "Bibi, hivyo vinaliwa na nini?"

Vile vioo nikaja kuviosha. Unakumbuka dirisha la chumba chako, watu walishangaa bibi amepata wapi kioo? Zilikuwa picha. Nilizikwangua kwa majivu moja moja, machifu, mapadri, mabibi harusi wa zamani, mpaka mwanga ukapita. Hilo silijutii. Ulihitaji kuona nje.

Ni kwenye chumba hicho ulikoniuliza. Ulikuwa umetoka shule, mwalimu amewaambia mchore familia. Ukaniuliza, "Bibi, mama ana uso gani?" Hukuuliza yuko wapi. Ungeuliza yuko wapi ningekufokea, nilikuwa na maneno tayari. Uso sikuwa nimejiandaa.

Nilikuwa na mkebe wa biskuti wenye picha ambazo hazikuchukuliwa. Wakati wa Operesheni watu walisambazwa, huyu Matongo, yule ng'ambo ya mto, wengi waliopiga picha hawakurudi kamwe. Nikafungua mkebe, nikapitisha mkono, nikatoa mwanamke mmoja mwenye kilemba cheupe na hereni, ameinamisha kichwa kidogo kushoto anatabasamu. Jina lake silijui. Alikuja siku moja ya gulio, akakaa, akacheka, akaondoka. Nikakupa. Nikasema, "Huyu."

Neno lile lile, Robi. Nilimnyooshea mama yako kidole nikasema huyu, na miaka saba baadaye nikamnyooshea asiyehusika nikasema huyu.

Nilidhani utaitazama siku mbili utaichoka. Wewe ukalala nayo. Majirani waliomjua Nyangi waliiona na wakakaa kimya, wengine kwa huruma, wengine kwa kuniogopa. Watoto wakaanza kusema mnafanana. Na baada ya muda ikawa kweli. Ulianza kuinamisha kichwa kushoto unapocheka. Ulijifunza kicheko cha mgeni kutoka kwenye karatasi, na mimi nilikuwa nakiona kila siku mezani.

Basi nikuambie uso wake, kwa kuwa hakuna mwingine atakayekuambia.

Si mrefu. Paji la uso wake ni pana, na katikati kuna mstari mmoja unaosimama wima akifikiri, wewe unao, ulizaliwa nao. Jino la mbele la juu limepanda kidogo juu ya mwenzake, kwa hiyo hucheka na mdomo umefungwa. Kichwa hakiinamishi. Anakusimamia wima kama nguzo na kukuangalia mpaka wewe ndiye utazame chini. Sikio la kulia lina kovu la moto. Sauti yake ni nzito, ya ndani, na anasema polepole. Mikono ni yako. Ukitaka kumwona mama yako leo, angalia mikono yako.

Na Mugumu usizunguke sokoni ukiuliza watu. Najua alipo.

Ndiyo, najua. Mwaka juzi Mzee Seif, yule mwenye duka la vitenge pale Tarime, anayeniletea filamu na ambaye simuulizi zilivukaje mpaka pale Sirari, alirudi kutoka Mugumu akaja moja kwa moja hapa. Wewe ulikuwa shuleni. Hakukaa.

"Bibi, kuna mama mmoja ni fundi cherehani barazani pale ninapofikia. Kasikia natoka Tarime. Kaniuliza, bibi wa kamera yu hai? Nikasema yu hai na ulimi wake. Kaniuliza, na mtoto? Nikasema ni msichana mkubwa, yuko sekondari. Akaacha kushona."

Nikamuuliza anataka nini.

"Anauliza kama mtoto atapenda kumwona. Anasema hatakuja bila ruhusa yako."

Fikiria. Baada ya yote hayo, ananiomba ruhusa. Na mimi, badala ya kuona haya, niliona hatari. Niliona unaondoka, nyumba inabaki na mimi na takataka zangu. Nikamwambia Mzee Seif, "Mwambie mtoto hamtaki. Mwambie mtoto mwenyewe amesema."

Mzee Seif akasema, "Bibi, huo si mzigo wa kunibebesha. Mimi ni mtu wa kuswali."

"Unabeba vitenge vya watu, utashindwa kubeba neno moja?"

"Kitenge nikikosea, nakirudisha," akasema.

Lakini alilifikisha. Nilimlazimisha, nikamtishia mambo ya filamu na Sirari, mzee wa watu. Tangu siku ile ananiuzia kwa heshima na hakai tena kunywa chai kwangu.

Kwa hiyo huyo mwanamke, mwenye jino lililopanda na kovu sikioni, anaamini ulimkataa. Mimi nimeamini kwa muda mrefu kwamba kosa langu ni lile la uani, mbele ya watu sita. Lile lilikuwa la woga, na woga humshika mtu ghafla. Hili la Mzee Seif nililifanya nimeketi, nimeshiba, hakuna aliyenishikia fimbo.

Kesho, kabla ya basi la Musoma, pita dukani kwa Mzee Seif. Mwambie bibi amesema akuelekeze. Atakuandikia baraza lenyewe. Chuo kinafungua Jumatatu, leo ni Jumatano. Wewe unajua hesabu kuliko mimi. Ukiamua usipite huko, ni juu yako. Ukiamua usirudi hapa, pia ni juu yako, na usidhani nitatuma mtu akufuate anililie kwako. Sijui kulia kwa kutuma mtu.

Ile picha ya kwenye Biblia iache mezani. Yule mwanamke naye ana watu wake, huenda wako mahali wanamtafuta.

Ndani ya daftari hili nimetia bahasha. Ni wewe. Kila mwaka, baada ya mavuno, nilikusimamisha ukutani na kukupiga picha, ukilalamika kwamba bibi anapoteza filamu na watu wanazihitaji. Zipo zote, kuanzia ule mwaka alioondoka. Kwenye ya kwanza umesimama umeshika mkia wa mbuzi. Kwenye moja huna meno. Sikujua nazipiga kwa ajili ya nani, au nilijua nikajifanya sijui. Ni zake. Mpe mkononi, usimsomee barua hii, mwache azitazame kwanza.

Atakuuliza kwa nini ulimkataa. Mwambie neno hilo lilitoka kinywani mwangu, wewe hukuulizwa. Atakuuliza kama niliwahi kusema ukweli kuhusu ile siku. Mwambie nimeusema leo, kwako tu, kwa penseli. Wale waliokuwepo uani walio hai bado ni wengi, nitaanza na mama yake Bhoke, nikipata miguu.

Najua ulivyo. Ukimkuta ananisema vibaya, utataka kusema bibi alinilea, bibi alinisomesha, bibi alininyima usingizi ili nipate mia ya hesabu. Nyamaza, Robi. Mwache aseme mpaka amalize. Usinitetee.

Mimi bibi yako,
Wankuru